Nilikata bima ya vitu vya nyumbani, congélateur ikafia kwenye kilio cha jirani

Wakuu, jambo sana kutoka Lubumbashi.

Hii sikusimuliwa na mtu, imetokea kwangu mwenyewe, avenue yetu, Hewa Bora. Na mke wangu anasoma humu, kwa hiyo nikiongeza chumvi atanisuta mbele yenu.

Nilipomaliza kujenga nikaamua kukata bima ya nyumba. Siyo kuta na bati tu, na vitu vya ndani pia. Viti, televisheni, sufuria, na congélateur. Ninyi wa pwani mnasema friza.

Mama Kevin, ndiye mke wangu, alicheka mpaka akakaa chini.

"Papa Kevin, unalipa bantu juu ya vitu vyenye havijaharibika? Franga inakusumbua mu mufuko?"

Nikaenda zangu ofisi ya bima. Mnaojua ndoa mnanielewa.

Sasa, kulikuwa na jambo moja linanitatiza. Kwetu vitu vya nyumba havikai nyumbani. Jirani akifiwa, kabla hata ndugu wa mbali hawajapata habari, viti vyako viko kwake kwenye kilio, sufuria zako, turubai lako, kila kitu. Ndiyo maana kila kiti cha Hewa Bora kina alama ya rangi chini. Ukinyima, siku yako ikifika utalia peke yako, umekaa kwenye vumbi.

Kabla ya kutia sahihi nikamuuliza dada wa pale ofisini: "Mademoiselle, na kama vitu viko ku kilio?"

Akacheka. Akaenda kumuuliza mkubwa wake, akarudi: kitu kikitoka kwa muda kwenda kwa jirani, kinabaki ndani ya bima. Nikatia sahihi.

Basi, baba wa nyumba inayotazamana na yetu akafariki. Mjane wake, Mama Chantal, kwetu ni ndugu. Kevin alipozaliwa mimi nilikuwa Kasenga kufuata samaki, na huyu mama ndiye alimshika mke wangu mkono mpaka hospitali. Sijasahau.

Tukavusha congélateur barabara, wanaume wanne, kwa ajili ya vinywaji vya waombolezaji. Nikaichomeka mimi mwenyewe.

Umeme ukakatika. Ukarudi kwa hasira, wakuu, taa zikapasuka na congélateur ikatoa moshi. Ikafa hapo hapo, kwenye kilio cha mtu.

Mama Chantal akaanza kulia upya. Nikamwambia, "Mama, achana nayo, ile ni chuma." Na nilimaanisha. Kwetu aliyefiwa halipishwi kilichoharibika kwenye kilio. Ukimlipisha, hutapata wa kukusalimia.

Lakini aibu haisikii maneno. Baada ya maziko akaanza kutukwepa. Akienda sokoni anazunguka njia ya nyuma. Mke wangu akimwita, anajibu kwa mbali, kichwa chini. Mama Kevin akawa hacheki tena. Hilo lilituuma kuliko congélateur.

Nikaenda ofisi ya bima. Yule dada akasikiliza vizuri, kisha akaniuliza swali lililonikata maini.

"Papa, ni nani alikuwa anaitumia? Unipatie jina yake. Tutakulipa weye, kisha tutamufuata yeye arudishe."

Wee! Damu ilinipanda.

"Muntu iko mu kilio, munamufuata na facture ya kulipa? Hapana! Afazali mubakie na franga yenu!"

Nikasimama niondoke. Sikutania, wakuu. Mke wangu angenipokea bila congélateur, lakini bila Mama Chantal, hapana.

Dada akaweka kalamu chini. "Papa, ikala kwanza. Miye pia ni mutoto wa hapa. Ni nani aliichomeka?"

"Ni miye."

"Na régulateur, ya kupunguza courant wakati umeme inarudia na nguvu?"

"Ilibakia ku nyumba. Nilisahau."

"Basi ni kosa yako weye, juu ya kitu yako. Bima inalipa hata kosa ya mwenyewe, na mukubwa wangu hana muntu wa kufuata."

Nikakaa. Katika maisha yangu sijawahi kufurahi hivyo kuambiwa nina kosa.

Congélateur mpya ikaja juu ya mkokoteni. Mama Kevin hakungoja hata ishushwe, akavuka barabara, akamleta Mama Chantal kwa mkono. Huyu mama akasimama mlangoni, hataki kuingia.

"Nani alilipa?"

"Assurance, ile bima yetu," nikamjibu.

"Na miye, batakuja kunidai?"

"Hapana. Hata jina yako hawana."

Akaingia. Akakaa kwenye kiti chake cha siku zote, akalia kidogo, akajifuta na kitenge. Halafu akamwambia mke wangu, "Sasa, hakuna hata chai mu hii nyumba?"

Funzo langu: ukikata bima ya vitu vyako, usiulize tu kama vikiungua watalipa. Uliza vikiwa kwa jirani itakuwaje, na uliza watamfuata nani baadaye. Hilo la pili mimi sikuuliza, Mungu tu.

Sasa hivi naandika, Mama Kevin na Mama Chantal wako barazani wananisema, na sauti hawapunguzi. Niko sawa kabisa.

Ninyi wakuu wa Dar, Mombasa, Goma, huko kwenu bima inajua habari za msiba? Wekeni yenu hapa tusome.