Grupu O Ilipofika Samuye

Yule mshauri wa lishe simtaki mpaka leo. Nalisema mapema ili msomaji asikae akingoja nifike mwisho niseme nilimsamehe. Kanisani wameniombea juu ya jambo hili, wameniambia niliachie, nikaitikia amina, na bado simtaki.

Alikuja Runzewe tunakoishi siku ya gulio, koti jeupe, meza ya plastiki, spika inapiga kelele mpaka wauza nguo wakamlalamikia. Anakutoboa kidole, anadondoshea damu kwenye kioo, anakutajia grupu yako, kisha anakutajia chakula chako. Mume wangu ana karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na siku hizo tumbo lilikuwa linamjaa gesi. Akaenda kukaa kwenye kiti cha yule bwana. Akaniita na mimi nikae.

Yeye akaonekana ni O. Mimi A.

"Mzee, una damu ya wawindaji hiyo," mshauri akamwambia. "Watu wako wa zamani hawakulima wala hawakukamua. Chakula chako ni nyama. Ugali wa mahindi, maharage, maziwa, vyote havikufai. Gesi yako ndiyo hiyo."

"Na mimi?" nikauliza.

"Mama wewe ni damu ya wakulima. Nyama nyekundu iache kabisa. Kula majani, karanga, dagaa kidogo."

Nikamwangalia. Mume wangu ni Msukuma, mtoto wa mfugaji wa Samuye, amekuzwa kwa ugali na maziwa tangu anaota meno. Nikamuuliza mshauri hao wawindaji walipita njia gani mpaka wakaingia kwenye zizi la baba mkwe wangu. Akacheka, akamgeukia mume wangu: "Mama ana maswali ya darasani huyu."

Ni kweli nina maswali ya darasani. Nilisoma masomo ya jioni nikiwa na watoto watatu, mdogo namweka miguuni chini ya dawati. Grupu za damu tulifundishwa. Tuliambiwa ni muhimu ukiongezewa damu hospitalini. Habari ya maharage hatukuambiwa.

Lakini tulijaribu, siwezi kusema hatukujaribu. Sufuria moja ikawa mbili. Ya kwake nyama, kila siku nyama, imechemshwa au imechomwa. Ya kwangu matembele. Watoto hawakupimwa, kwa hiyo wakawa wanakula maharage huku wanaangalia sahani ya baba yao. Mdogo akaniuliza, "Mama, na mimi siwezi kuwa O?" Zamani tulikuwa tunaizunguka sinia moja, anasali mmoja kwa wote. Sasa yeye anaisalia sahani yake, fupi, ameshaanza kutafuna.

Tumbo lake lilipoa, nasema ukweli wa Mungu. Ila aliacha pia soda, na zile chapati zinazoogelea kwenye mafuta pale karashani. Hilo hakutaka kulisikia. Sifa zote zilikwenda kwa wawindaji.

Haya yote ningeyavumilia. Kisichovumilika ni alichokwenda kukifanya kwa mama yake.

Mama mkwe wangu ni mjane, anakaa peke yake Samuye. Watoto wametawanyika, ana ng'ombe wachache na shamba la mahindi na mtama. Macho yake ni mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka yote hiyo. Kwetu huku mjane mzee mwenye macho mekundu yuko hatarini hata akiwa hajamkosea mtu. Akifa ndama wa jirani, wanamtazama yeye, wanasema mchawi. Wapo waliokatwa mapanga kwa maneno ya namna hiyo, na kila mtu anajua, mume wangu akiwemo.

Tulifika mchana. Alikuwa amepika ugali, nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, ameyaunga karanga, na maziwa mgando kibuyu kizima. Wanaume wa jirani walikuja kumwamkia mtoto wa nyumba, wakakaa naye uani kwenye sinia moja kama ilivyo desturi. Mama akaleta maji ya kunawa. Mume wangu hakunawa.

"Mimi sili hiki, mayu," akasema. "Hakinifai."

"Unaumwa, mwanangu?"

"Siumwi."

Akafungua begi. Akatoa hotipoti niliyoipakia mwenyewe asubuhi, nikidhani ni ya njiani, akaanza kula nyama yake ya Runzewe mbele ya mlango wa aliyemzaa. Mtu mzima, mbele ya wazee wenzake, amekuja kwa mama yake na chakula chake.

Niliona mkono wa jirani mmoja ukitoka kwenye sinia bila tonge. Kisha wa pili. Mume wangu akaanza kuwaeleza grupu O na wawindaji, na kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kutazama chini. Mimi nikakaa na wanawake nikala kwa sauti, nikaomba niongezwe, nikaramba vidole. Haikusaidia kitu. Mimi ni mkwe, nimetoka kwingine. Aliyekuwa anatazamwa ni mtoto wa tumbo lake.

Tuliporudi Runzewe haikupita muda, wifi yangu anayekaa Maganzo akanipigia.

"Wifi, kaka kamfanya nini mama?"

"Kwani kuna nini?"

"Majirani hawaendi tena kuomba moto kwake. Watoto wamekatazwa kupita uani. Ameita watu wa kupalilia, amepika, hakuja mtu hata mmoja, chakula kamwaga. Wanasema kama mwanae mwenyewe anakuja na hotipoti, anajua anachokijua. Na juzi limerushwa jiwe kwenye bati."

Nikaenda karashani na khanga ya jikoni kiunoni. Mashine zinanguruma, vijana wamejaa vumbi jeupe mpaka kope. Nikamwambia azime.

"Mama, kuna kazi hapa."

"Zima."

Akazima. Nikamweleza. Akasema, "Basi tukamchukue aje akae hapa."

"Ameshasema hatoki. Akitoka sasa watasema amekimbia, na wataisema mpaka kaburini. Aache nyumba yake na ng'ombe wake kwa ajili ya gesi yako?"

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Uende ukale. Mchana, uani, na wanaume walewale. Ugali, na maziwa juu."

"Mshauri alisema nikichanganya damu itachafuka."

"Basi ichafuke!"

Vijana wakacheka. Mmoja akasema, "Bosi, mwindaji kashikwa." Mume wangu akaona haya, na aibu yake siku zote inatoka kama hasira. Akaniambia nisimfundishe kumpenda mama yake. Nikamjibu simfundishi kumpenda, namfundisha kunawa mikono. Na kuanzia siku hiyo hatakula nyama iliyopikwa na mimi mpaka ale ugali uliosongwa na mama yake.

Akahamia kwa mama lishe. Alinunua hasira yake hivyo kwa muda, anarudi nyumbani ameshiba, ananipita kama mlango. Mimi nilikuwa nasali na kupika maharage. Sikuomba Mungu amlainishe, niseme ukweli. Niliomba mama mkwe wangu aamke salama, basi. Kisha wifi akapiga tena, safari hii akampigia kaka yake, akamwambia mama ameacha kuwasha moto mchana, anakula michembe mikavu akiwa amejifungia ndani. Viazi vikavu, havijachemshwa, mwanamke ambaye nyumba yake haikukosa mgeni. Mume wangu aliweka simu chini akasema, "Jumamosi tunakwenda." Sikumsifu.

Mimi na wifi tulitangulia. Tukapita nyumba kwa nyumba kuita watu wa kupalilia. Kila mlango tulisema neno lilelile: mwanae anakuja, atakula kwao. Walioitikia si kwamba walituamini. Walitaka kuona.

Desturi ni watu walime kwanza ndipo wale. Siku hiyo walikuja wakasimama pembeni ya shamba na majembe mabegani, hakuna aliyeinama. Mzee mmoja akasema, "Tutaanza na chakula leo." Alikuwa yule wa kwanza kuondoa mkono siku ile. Nilitamani kumrushia mwiko. Nikapakua.

Mume wangu akakaa, akanawa. Mama akaja na sinia, akaiweka, na kabla mwanae hajanyoosha mkono yeye akamega tonge, akachovya kwenye nsansa, akala. Akanywa maziwa funda moja. Akameza, akangoja, wote wakimwona. Hivyo ndivyo anavyofanyiwa mgeni asiyejulikana, mpita njia, aone kwamba chakula ni salama. Mtoto hafanyiwi hivyo na mama yake.

"Mayu, acha," mume wangu akasema. "Mimi ni mwanao."

"Mwanangu alikuja na hotipoti," akamjibu. "Wewe sijakujua bado."

Hakuna aliyecheka. Mume wangu akala. Alikula kichwa kimeinama, tonge kubwakubwa, na wanaume wakamtazama koo linavyopanda na kushuka kama wanasubiri aanguke. Yule mzee akamwuliza, "Mwindaji, umekamata nini leo?" Mume wangu akasogeza maziwa akanywa mpaka mdomo wa juu ukawa mweupe. Ndipo mkono wa pili ukaingia kwenye sinia. Kisha wa tatu.

Shamba lilipaliliwa, si lote. Kuna nyumba mbili hazikuleta mtu, na mpaka leo hazimsalimii. Sitasema kila kitu kilirudi. Mume wangu usiku ule alijaa gesi, akageukageuka akinung'unika, nikamwambia ageukie ukutani.

Asubuhi nilikuwa nafagia uani, akaja mama mmoja wa jirani na bakuli. Ndiye aliyewakataza wanawe kupita pale. Akaamkia kwa heshima zote, akasema watoto wake hawakupata jana, kama kuna ugali uliolala na mboga kidogo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimjibu anavyostahili. Mama mkwe wangu akaniwahi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, anapepeta mtama.

"Upo," akamwambia. "Ingia jikoni ukajipakulie mwenyewe. Mimi mikono yangu mnaiogopa."

Yule mama akasimama na bakuli lake. Akanitazama mimi, kama nimsaidie. Nikaendelea kufagia. Mwishowe akavua ndala, akainama, akaingia. Tukasikia anafunua sufuria. Mama mkwe wangu hakugeuka. Alisogeza kigoda kidogo ili mlango ubaki wazi, akaendelea kupepeta.