Pakiti ya Unga Niliyoipeleka Siakago

Nilikwenda Siakago kwa sababu ya watoto wa nguruwe. Walikuwa kumi na mmoja, wazuri kabisa, wa nguruwe jike niliyemnunua kwa jasho langu baada ya miaka tisa ya kazi Doha. Sikubebwa na mtu. Hata diploma yangu ya ufugaji niliisomea hukohuko, kwenye simu, baada ya zamu. Leo imetundikwa sebuleni kwangu hapa Kaaga, Umeruni, ndani ya kioo, mahali ambapo kila mgeni lazima aione.

Siku ya tano baada ya kuwaachisha kunyonya, wakaanza kuhara maji ya kijivu. Daktari wa mifugo akawadunga sindano, wakapata nafuu, wakarudia. Watatu wakafa. Nami nilikuwa nimewatangazia majirani kwamba kwangu hakuna atakayehara, maana nilikuwa na unga wa kisasa wenye bakteria wazuri wa tumboni.

Mke wangu Kendi ndiye aliyesema, "Nenda kwa Mwalimu Marigu. Alinifundisha shule ya msingi, na nguruwe wake hawafi."

"Ana diploma?"

"Ana nguruwe," akajibu.

Saa kumi na mbili asubuhi niliwasha pikapu yangu. Nkubu nilipita bado kuna ukungu. Chuka nilisimama nipige simu, Kendi akaniambia mmoja wa wale wanane waliobaki, mwenye doa sikioni, amelala na hataki kuinuka. Kutoka hapo sikuona tena mandhari. Najua tu kwamba Runyenjes nilipita.

Saa tatu nilikuwa Embu mjini. Niliingia duka la dawa za mifugo nikanunua pakiti nyingine ya unga uleule, kubwa zaidi. Nilidhani nimekosea kipimo tu.

Baada ya Embu barabara inateremka, na joto linakupokea. Migomba inaisha, inaanza migunga, mbuzi na mashamba ya muguka, miraa ya huko. Saa nne nilisimama mbele ya lango la Mwalimu Marigu, mama mstaafu, mfupi, mwenye gambuti nyekundu. Nilinyoosha mkono. Hakuupokea; Kendi alikuwa amekwisha kumpigia simu.

"Mkwe wangu, karibu. Lakini simama hapohapo. Umetoka kwa nguruwe wanaohara, na viatu ni hivyo hivyo?"

Mimi, niliyefanya kazi ng'ambo, nikasuguliwa viatu langoni kwa maji ya dawa kama mtoto wa shule. Hata hivyo bandani hakuniingiza. Aliniletea kigoda na chai kivulini, nikaanza kumweleza yote: bakteria wazuri, ukuta wa utumbo, jinsi mtoto aliyeachishwa ghafla anavyokosa kinga ya maziwa ya mama. Alisikiliza vizuri.

"Umesoma," akasema. "Sasa niambie, huo unga unauweka saa ngapi?"

"Nikipika."

"Unapika nini?"

"Chakula chao. Kwetu nguruwe hupikiwa, Mwalimu. Mama yangu alipika maganda ya viazi na pumba, nami napika. Kikichemka natia unga, nakoroga."

Aliweka kikombe chini, akacheka mpaka akajifuta macho kwa leso.

"Wameru na sufuria! Mkwe, wewe unaweza kuchemsha maziwa lala halafu uyatumie kugandisha mengine?"

Nilimtolea ile pakiti niliyonunua Embu. Aliichukua pakiti yangu, akaigeuza, akanipa nisome upande wa nyuma. Maandishi yalikuwa madogo, lakini yalikuwepo: usichanganye na chakula cha moto. Siku zote hizo nilikuwa nawapikia wanyama wangu bakteria waliokufa.

Kisha akanionyesha anavyofanya yeye. Uji wa mtama huuacha uchachuke siku mbili kwenye ndoo yenye kifuniko. Chakula kikipikwa hupoa kwanza. Huingiza kiwiko kama anayepima maji ya kumwogesha mtoto, na kiwiko kisiposikia joto ndipo anatia uji ule. "Na usiwabadilishie chakula kwa siku moja," akaongeza. "Changanya cha zamani na kipya, kidogo kidogo. Maji safi yasikauke."

Saa tisa nilikuwa Kaaga. Kabla ya kunywa hata maji niliosha viatu, nikaingiza kiwiko kwenye sufuria, na chakula kilipopoa ndipo nikatia unga. Kendi alikuwa dirishani anacheka, nikamwacha acheke.

Siku ya nne kinyesi kilianza kushikana. Sijawahi kufurahia kinyesi namna ile. Nilimwita Kendi aje aone, akaja mbio akidhani kuna kifo. Yule mwenye doa sikioni alikuwa amepanda mgongoni kwa mwenzake, anagombania chakula. Niliketi juu ya gunia la pumba, pumzi ikanitoka yote. Wanane wote wapo hadi leo, wanene.

Diploma yangu bado iko sebuleni, na bado naipangusa kila Jumamosi. Lakini Kendi alikata upande wa nyuma wa ile pakiti, akaubandika chini yake. Wageni huusoma huo kwanza, kisha huniuliza habari za Siakago, nami huwasimulia.