Mfalme Tuliyemzika Kwenye Sukuma Wiki

Niling'oa waya wa tivi ukutani, mwiko ukiwa bado mkononi. Ilikuwa Jumamosi mchana, mvua inapiga mabati, gemu yangu mpya ya tivi haijamaliza dakika nne, na tayari kwenye skrini mkono umetoka kaburini. Niliujua ule mkono kabla sijaona uso. Pete tatu. Ni yeye tena, yule mfalme wa meno ya chuma.

Mkono peke yake ningevumilia. Lakini binti yangu wa miaka minne aliweka bakuli lake la githeri chini, akavaa gambuti, akatoka kwa mvua hadi kwenye sukuma wiki nyuma ya nyumba. Akarudi na matope hadi magotini.

"Mama, udongo bado uko vile tuliacha," akaniambia. "Sasa huyu ametokea wapi?"

Hapo ndipo nilipong'oa waya.

Mimi na huyo mfalme tumejuana tangu nikiwa kidato cha pili. Siku hizo alikuwa mbaya wa maana. Alikuambia utakavyokufa, akacheka, halafu akakuua vilevile alivyosema. Kumwangusha kulinichukua likizo nzima, na siku hiyo nilitembea mjini kama mtu aliyepita mtihani. Gemu ya pili akarudi, eti niliyemuua ni pacha wake. Nikasema sawa. Ya tatu, mganga fulani alikuwa amemshona. Ya nne watengenezaji hawakujisumbua kueleza. Alifungua mlango akaingia kama shemeji. Kicheko kilekile, na mimi najua ataruka kushoto kabla yeye mwenyewe hajajua. Mtu wa kutisha ukishajua ataruka upande gani, anabaki msumbufu tu.

Kwa binti yangu, hata hivyo, alikuwa mpya. Alimwona siku moja akichungulia juu ya bega langu nikicheza, na tangu hapo akakataa kwenda choo cha nje peke yake, akahama kitanda chake akaja kulala katikati yangu na baba yake. Kwa hivyo nilipommaliza ile mara ya nne, nilimwita binti aje aone maiti kwenye skrini. Akaitazama vizuri, akauliza amezikwa wapi.

Ni damu yetu hiyo. Sisi watu wa magharibi mwa nchi, kifo bila kaburi ni uvumi. Mtu akipotea na mwili usipatikane, tunazika shina la mgomba mahali pake, na mambo yanaisha. Basi nikatafuta shina la mgomba, nikalifunga kwa shuka kuukuu, tukachimba kati ya mistari ya sukuma. Nikasoma historia ya marehemu: hakuoa, hakusoma, hakuwahi kusema asante. Binti yangu akatupa udongo kwa mkono. Tukanywa chai na mandazi kama wafiwa wa kweli. Siku hiyo akarudi kitandani kwake mwenyewe, na akabaki huko miezi mitano.

Mwenye ploti tunayopanga, mama mmoja mzaliwa wa Soy, alikuja kuniuliza kwa sauti ya chini ni nani amefariki kwake bila yeye kuambiwa. Nilipomweleza alishika ua wa seng'enge akacheka hadi machozi. Lakini aliniambia nisiguse lile tuta, maadamu mtoto analala.

Sasa ile Jumamosi, mvua ilipopungua, nikamwendea nikiwa nimefura. Alinisikiliza akiendelea kuchambua maharagwe.

"Kwani huko kwa hao watengenezaji watu wabaya wameisha?" akauliza.

Nikamwambia hilo ndilo swali langu.

"Basi andika. Hata mimi, mpangaji akinililia mlangoni simsikii. Barua nasoma."

Nikaandika kwenye fulskapu, vile tulivyofundishwa barua rasmi, nikaipiga picha na kuituma kwa watengenezaji wa gemu, pale wanapopokea malalamiko. Ilisema hivi:

*KUH: KUFUFUKA KWA MAREHEMU BILA WAFIWA KUAMBIWA*

*Mimi ni mteja wenu na ndiye niliyemuua mfalme wenu mara nne. Mara ya nne nilimzika, kwa gharama ya shuka na jasho langu. Sisi tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu amefika mara ya tano na jembe ninalo.*

*Naomba abaki alipo. Tafuteni mtu mwingine mbaya, dunia haijapungukiwa. Na kama lazima arudi, mtuandikie mapema, tumfukue sisi wenyewe, ili mtoto asione kwamba mama yake alimdanganya.*

*Hadi mtakapojibu, tunalala watatu, na miguu ya binti yangu iko mbavuni mwangu.*

*Wenu mwenye hasira,*
*Mama mfiwa.*

*Alama ya kidole, ya matope: binti.*
*Shahidi wa kaburi: mwenye ploti.*