Papa Grégoire Anasimama Mlangoni

Dimanche, misa ikishaisha pale Lushebere, watu hubaki kiwanjani wakisalimiana mpaka jua liwachome. Papa Grégoire hakai. Anashika mkono wa huyu, anauliza habari ya ndama wa yule, halafu anaanza kupanda kilima chake polepole, kwa sababu ya goti la kushoto. Wanaomfahamu hawamzuii. Wanajua muzee anakwenda kwenye barafu.

Barafu yenyewe iko ndani ya telefone. Grégoire ana miaka sitini na miwili, ni mkulima na mtengenezaji wa fromage, zile jibini za mviringo, kama baba yake, na kile kijumba cha mbao anamokaushia fromage ndicho pekee pale juu ambamo rezo ya mtandao inashika bila kukatika, tena kwenye kona moja tu, karibu na dirisha. Anageuza ndoo ya maziwa, anaikalia, anavaa vile vya masikioni, na kumbe saa tisa imefika.

Mchezo ni hoki. Watu wanne kwa wanne wamevaa viatu vyenye makali chini, wanateleza, kila mmoja na fimbo iliyopinda, wanagombania kitu cheusi, bapa, cha mviringo, wakitafuta kukiingiza kwenye wavu wa wenzao. Wenye Kifaransa chao hukiita palet. Grégoire alipokiona mara ya kwanza alisema hii ni fromage iliyoungua, na tangu hapo ekipi yake nzima inasema fromage. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusimama juu ya barafu. Barafu wanayoijua ni ile inayoanguka pamoja na mvua na kuvunja maharage shambani.

Zamani, kabla goti halijaharibika, Grégoire alikuwa mtu wa njia. Alifuata fromage zake mwenyewe, mara kwa mguu, mara juu ya camion ya mizigo, akishuka toka malisho ya Masisi mpaka kwenye pori la Walikale. Alilala Ntoto, kwa wazazi wa Kétsia, ambaye siku zile alikuwa binti anayejifunza kushona, na leo ana cherehani mbili na watoto watatu. Akafika Mubi, akaacha mzigo kwa Mumbere, kijana wa Butembo aliyekuwa amefungua duka la vyuma vya pikipiki, na toka hapo fromage ikaendelea mpaka Omate kwa wachimbaji. Kila mahali kulikuwa na kiti chake, na chai, na habari za kucheka. Halafu goti likasema basi. Mwaka mzima Grégoire alikaa kilimani akiangalia camion zikishuka bila yeye. Fromage zilikwenda kusalimia watu kwa niaba yake, na salamu zilirudi zimechoka, kupitia kwa madereva.

Aliyemtoa katika ukiwa ule ni Byukusenge, mwalimu wa shule ya msingi, jirani yake, mke wa mtu, mwepesi wa kucheka. Grégoire ndiye baba yake wa ubatizo. Mwalimu alimwekea muzee mchezo kwenye telefone, akawaita Kétsia kule Ntoto na Mumbere kule Mubi, akasema sasa tuko wanne, ekipi imetosha. Na tangu siku ile, kila Dimanche, Grégoire akawa tena njiani. Kabla mechi haijaanza anasikia cherehani ya Kétsia ikinyamaza, anasikia pikipiki zikipita mbele ya duka la Mumbere, anaambiwa nani ameoa, camion gani imelala kwenye matope. Kucheza kwenyewe wakati mwingine ni robo tu ya mambo.

Lakini wakaingia kwenye shampiona. Mechi kumi, na ekipi zinazosema Kifaransa toka huku na huku. Ilipobaki mechi moja, walikuwa wameshinda mbili na kupoteza saba. Kupoteza tena ni kutolewa mpaka mwaka kesho. Kutolewa peke yake Grégoire angekubali, ameona makubwa kuliko hayo. Lakini Kétsia alikuwa amemnong'oneza kwamba ekipi moja ya vijana wa Goma imemuomba Mumbere achezee kwao, na Mumbere hajajibu. Mumbere alikuwa mkali wa fimbo, kila mtu aliona. Ekipi ikitolewa, atakwenda, na nani atamlaumu? Na akienda yeye, Kétsia naye hatabaki muda mrefu na watu wawili wa kilima kimoja. Dimanche zitarudi kuwa zile za kuangalia camion.

Ilikuwa kisha mechi ya tisa ndipo Grégoire alisikia. Mechi ikiisha, sauti za ekipi zote mbili hubaki wazi kidogo, watu wapate kuagana. Wenzake walikuwa wamekwisha toka. Yeye alikuwa bado anatafuta mahali pa kubonyeza. Kapiteni wa wale wengine, kwa Kifaransa cha Kinshasa, alikuwa anawaeleza wenzake namna walivyoshinda. Alisema hawa ni rahisi. Muwaache wale wengine wateleze wanavyotaka, wao hawapigi. Mufuate muzee tu, kila kitu kinaishia kwa muzee.

Kesho yake, Lundi nzima, Grégoire aligeuza fromage zake. Kila moja inageuzwa kila siku, inapakwa chumvi, na mikono ikishajua kazi, kichwa kinapata nafasi. Akarudia zile mechi moja moja. Ni kweli. Mumbere anafika mbele ya wavu, hakuna mtu mbele yake, na badala ya kupiga anageuka, anatafuta. "Papa, pokea." Kétsia vilevile. Na yeye, kwa miezi mitatu, alikuwa akidhani anapewa kwa sababu anapiga vizuri. Haya ikampanda mpaka masikioni, ingawa mle ndani kulikuwa na fromage tu.

Akampigia Kétsia simu.

"Kétsia, juu ya nini haupigi?"

"Nipige namna gani, Papa, na wewe uko pale unasimama?"

Alijibu kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakalii kiti cha baba mkwe wake. Grégoire akamshukuru, akatuma salamu kwa watoto, akakata. Hakukuwa na mapatano yoyote. Hawakukaa chini wakasema tumpe muzee. Walichukua tu adabu za nyumbani wakazipeleka kwenye barafu, na yeye akapokea bila kuona, kama anavyopokea kiti akiingia kwa watu.

Mercredi, katikati ya wiki, wakakutana kwa mazoezi, akawaambia wasimpe tena. Wakaitika wote, ndiyo Papa, tumesikia Papa. Dakika ya pili Mumbere akampa. Akaomba musamaha, akasema ni mkono, si yeye. Dakika ya nne Kétsia akampa.

Basi Grégoire akawaza, akaona njia moja tu: aende mahali ambapo kumpa hakuna maana. Mahali hapo ni kwenye wavu wao wenyewe, kazi ya gardien, mlinda wavu. Kazi hiyo ilikuwa ya Byukusenge tangu mwanzo, tena kwa sababu ile ile ya nyumbani: yeye ndiye mdogo kuliko wote, na mdogo hukaa karibu na mlango, maana ndiye anayeinuka kufungulia wageni. Grégoire akawaambia Dimanche mwalimu atakwenda mbele, na mlangoni atasimama yeye.

Pikipiki mbili zikapita Mubi.

"Papa," Mumbere akasema, "watu batasema tulikuweka sentinele, mulinzi wa mulango."

"Watu gani? Bale ba Kinshasa?"

Byukusenge akasema mama yake akisikia kwamba yeye yuko mbele na baba yake wa ubatizo yuko mlangoni, hatamaliza kumsema. Kétsia akaanza kucheka, halafu akaacha. Grégoire akawaambia hata ndani ya telefone goti linamuuma, kusimama kutamfaa. Wakakubali kama mtu anavyokubali dawa ya minyoo.

Dimanche ikafika. Wapinzani walikuwa vijana wa Lubumbashi, wenye mbio na wenye heshima zao pia, wakasalimia vizuri. Grégoire akasimama mlangoni, na mara ya kwanza katika maisha yake akaona barafu yote mbele yake, na wenzake watatu wakiteleza juu yake, kila mmoja na namna yake. Mumbere akainama sana kama mtu anayesukuma pikipiki iliyozimika. Akachukua fromage, akapita mtu wa kwanza, akapita wa pili, akafika mbele ya wavu wa Lubumbashi.

Akasimama. Akageuka. Akarudi na fromage barafu nzima, akipita wale wale aliokwisha kuwapita, mpaka mlangoni kwao wenyewe.

"Papa, pokea."

Grégoire hakutegemea. Akainua fimbo vibaya, ikagusa fromage pembeni, ikaingia taratibu kwenye wavu aliokuwa anaulinda. Vijana wa Lubumbashi walicheka mpaka mmoja wao akasahau kuendelea kucheza. Kipindi cha pili Byukusenge naye akageuka njiani, akanyang'anywa, wakafungwa la pili.

Hoki ina vipindi vitatu, na katikati kuna dakika chache za kupumzika. Byukusenge alikuwa anaomba musamaha kwa kila mtu. Kétsia alikuwa anamsema Mumbere, na Mumbere alikuwa anasema rezo. Grégoire aliwasikia kwa mbali. Alikuwa anafikiria meza.

Nyumbani, baba akila, hakuna mkono unaotangulia wake kwenye bukari, ule ugali wa mezani. Anaweza kusema kuleni, kuleni, mara kumi, watoto wataitika na kuangalia chini. Lakini kuna saa ambayo baba anasukuma sahani, ananawa mikono, anasema neno lake. Hapo ndipo watoto wanasogea, na kisha hapo hapabaki hata mfupa. Yeye alikuwa amewaambia wasimpe. Hakuwa amewaambia lile neno.

"Banangu," akasema. "Mimi nimeshiba. Nimenawa mikono. Yenye inabaki kwenye sahani ni yenu, na sitaki kuona kitu kimebakia."

Halafu Kétsia, kwa sauti ndogo:

"Umeshiba kweli, Papa?"

"Nimeshiba tangu mechi ya tano."

"Aksanti, Papa," Kétsia akasema. "Aksanti, Papa," Mumbere. "Aksanti, Papa," Byukusenge. Mmoja mmoja, kama mezani.

Kipindi cha tatu kilipoanza, Kétsia akapokea fromage katikati, mbali sana, mahali ambapo mwenye akili hapigi. Akapiga. Ikaingia. Yeye mwenyewe akauliza ni nani amepiga. Dakika mbili hazijapita, Byukusenge, ambaye miezi mitatu alikuwa amekaa mlangoni akiwaangalia wapigaji na kujifunza pale wanapokosea, akampita gardien wa Lubumbashi kushoto, akaweka la pili bila haraka, kama mtu anayeandika tarehe ubaoni. Mumbere akagonga chuma cha mlango. Akagonga tena. Byukusenge akaokota iliyorudi, akaweka la tatu.

Dakika ya mwisho Lubumbashi wakaja wote. Grégoire hakufanya la ajabu. Mtu mmoja akavuta fimbo nyuma, akapiga kwa nguvu, na fromage ikamkuta muzee kifuani, kwa sababu hakuwa amejua aende upande gani, akabaki palepale. Filimbi ikalia. Tatu kwa mbili.

Wapinzani wakawapongeza. Kapiteni wao akauliza yule gardien ana miaka mingapi, akaambiwa, akasema Papa, heshima yako. Kisha wakatoka, wakabaki wanne. Grégoire alitaka kuuliza na hakutaka kuuliza. Akasafisha kioo cha telefone na shati, bila sababu.

Mumbere ndiye aliyeanza. Akasema wale ba Goma walimuuliza tena tangu mardi ya wiki ile, na yeye akawaambia atajibu kisha mechi.

"Na utabajibu nini?" Grégoire akauliza.

"Papa, nitaenda namna gani? Mwalimu amefunga mbili. Mimi bure, ni vyuma tu. Nikienda leo, mupaka Omate batasema bibi wa mutu alinifukuza."

"Njo hivyo," Byukusenge akasema. "Enda, nikubakizie aibu yako."

"Nitabaki mupaka nikupite."

"Basi utazeekea hapa, kaka Mumbere."

Grégoire akacheka, akawaacha waendelee kuchokozana, akatoka nje kidogo na vile vitu vyake masikioni mpaka rezo ikakatika, akarudi ndani haraka.

Sasa hivi wako kwenye shampiona nyingine, na ekipi imepata ugonjwa mpya. Hakuna anayempa mwenzake. Kétsia anapiga hata akiwa amegeukia upande mwingine. Mumbere amempita mwalimu kwa goli moja, mwalimu akampita kwa mawili, na hesabu hiyo ndiyo wanayozungumza wiki nzima. Grégoire anawagombeza toka mlangoni, anawaambia mwenzenu huyo hapo, peke yake, mupeni basi. Wanaitika, ndiyo Papa, tumesikia Papa, wanapiga.

Fromage ikikaa sana kule mbele, anaweka telefone juu ya mapaja, anajimiminia chai. Juzi walimfunga akiwa na birika mkononi. Wenzake watatu wakamlalamikia kwa pamoja, kwa sauti ambazo mwaka jana hawangethubutu kumpigia muzee. Yeye akanywa kwanza, akawaambia chai ilikuwa ya moto, na waende wakarudishe lile goli.

Wakaenda.