Mwezi Mzuri wa Kwenda Kisiwani

Februari ile theluji ilikuwa imefunika magari yote nje ya nyumba yetu ya kupanga, Burnsville, huku Marekani, na mimi na mama tulikaa mezani tukichagua mwezi wa kwenda kisiwani. Kisiwa chenyewe ni cha Ugiriki. Wengine huenda huko kuogelea. Sisi tulikuwa tunaenda makaburini, alikolazwa mdogo wangu, kitindamimba wa mama, aliyekuwa mpishi katika hoteli ya huko. Alifariki wakati wa korona, ndege zikiwa haziruki, akazikwa na wenzake wa jikoni. Mama hakuona hata jeneza.

Tangu hapo kila mwaka ulikuja na kizuizi chake. Mama alihamia kwangu, akawa anangoja karatasi za ukaazi na haruhusiwi kutoka nchini. Karatasi zilipotoka, goti likafanyiwa upasuaji. Sasa goti lilikuwa limepona, na mimi nilikuwa na likizo kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Kilichobaki ni mwezi.

Nilisoma kila kitu mtandaoni, na kila kitu kilinikera. Julai na Agosti jua ni kali na fukwe zimejaa. Januari upepo huzuia meli na hoteli zimefungwa. Aprili maua. Oktoba bahari bado ina uvuguvugu. Hakuna aliyeandika ni mwezi gani mama mzee anaweza kupanda kilima hadi makaburini, akae kitako juu ya udongo, asizimie. Nilimuuliza Mkenya mwenzangu kazini, akasema, "Si uende tu Disemba, tiketi ziko cheap?" Nilimnunia wiki nzima.

Mama alikuwa na hoja yake. "Mvua huko hunyesha lini?" aliuliza. Alitaka udongo uwe laini apande maua kwa mikono yake, na hakutaka kulia mbele ya watu waliovaa chupi za kuogelea. Nilicheka, naye akacheka.

Tulikuwa na mtu wa kumuuliza, Mtanzania aliyepika pamoja na mdogo wangu na ndiye aliyesimamia mazishi. Zamani alikuwa akitutumia picha za kaburi, msalaba wa mbao na taa ndogo ya mafuta. Yeye ndiye aliyesema Mei: joto la wastani, nyasi bado mbichi. Jumapili moja baada ya kanisa tulimpigia, nikaweka simu mezani kwa spika ili mama asikie, nikamwambia tumeamua, tunakuja Mei.

"Mei kuna upepo sana, dada," akasema. "Afadhali Oktoba."

"Kaka, wewe ndio ulituambia Mei. Nishaomba off."

"Basi labda Oktoba ya mwaka kesho."

Hapo nikapandwa na hasira. Nikamuuliza kama hataki tuje.

"Mama, nisamehe," akasema. "Kaburi halipo."

Alieleza polepole. Kule ardhi ni finyu. Maiti hukaa miaka michache tu, kisha kaburi hufukuliwa, na ndugu huja kuosha mifupa na kuiweka sandukuni. Asiye na ndugu wa kuja, mifupa yake hutiwa shimoni pamoja na ya wengine. Yeye hakuijua desturi hiyo, wala sisi hatukuijua. Kwetu mtu akizikwa amezikwa. Majira ya baridi hoteli zikifungwa huwa anakwenda Athene kutafuta kibarua, na aliporudi na kwenda kuwasha taa, alikuta mzee wa pale kisiwani amelazwa mahali pale pale, chini ya marumaru mpya. Tangu siku hiyo alikosa mdomo wa kutuambia, akawa anatusogezea tu miezi.

Nilitaka kumtukana. Mama akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Asante kwa kumzika, mwanangu," alimwambia. "Mungu akubariki." Kisha akanifanyia ishara nikate simu.

Nje jirani alikuwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari. Nilisema la kwanza lililonijia.

"Tutaenda hivyo hivyo, mama. Mei."

"Kumwona nani?"

Hakuwa ananisuta. Aliuliza kweli, akanitazama, akangoja nimtajie mtu.