Kufuli Moja kwa Mashemeji Wawili

Mume wangu ni fundi umeme wa kiwandani, na huko kazini wanamwita Bwana Taratibu. Jina hilo hakupewa kwa kusifiwa. Hawezi kufungua hata kisanduku kidogo cha nyaya kabla hajazima swichi kuu, akaitia kufuli, akaweka ufunguo mfukoni, kisha akapima kwa tesita kuhakikisha umeme umekatika kweli. Nyumbani ni yuleyule. Balbu ya jikoni ikiungua, nyumba nzima tunakaa gizani mpaka aridhike. Nilishamwambia kwamba siku nyumba ikishika moto, ataanza kwa kuupima moto kama ni moto kweli. Alicheka, wala hakubadilika.

Mdogo wangu wa kiume, tuliyenyonya ziwa moja, ni fundi mitambo katika kiwanda hichohicho. Yeye wanamwita Chapchap, na ukimwona anavyokula utajua kwa nini. Mume wangu ndiye aliyemwombea kazi. Nilidhani hawataelewana hata kidogo, mwenda pole na mwenda mbio, kumbe wakawa chanda na pete. Waliondoka pamoja, wakarudi pamoja, na mezani kwangu hapakuwa na mazungumzo mengine ila ya mitambo. Ndiyo maana na mimi, mwanamke nisiyejua hata kubadili plagi, nayajua haya ninayoyasema.

Kiwanda kinatengeneza sabuni. Kila kreti ina chipu ndogo ubavuni, na njiani kuna vichwa vya kusoma vinavyoitambua chipu bila kuigusa: hii ni sabuni ya unga, ipande lifti, ile ni ya vipande, ipite. Wenyewe wanauita mfumo wa RFID. Vichwa vyote vimeungwa kwenye moduli moja, kiboksi cha ukubwa wa tofali kilichofungwa ndani ya paneli ukutani, na hicho ndicho kinachopeleka habari kwenye mtandao wa kompyuta. Kikifa hicho, mitambo inakuwa kipofu na kazi inasimama.

Sasa kuna sheria moja ya kiwanda, na ndiyo iliyotumaliza. Mkiwa watu watano kwenye mtambo, swichi kuu inatiwa makufuli matano. Kila mtu lake, na ufunguo wake mfukoni mwake. Mtambo hauwashwi mpaka wa mwisho atoe la kwake. Mume wangu aliwasumbua mafundi wengine kwa sheria hiyo mpaka wakamchukia. Mtu akija bila kufuli alimrudisha getini, awe mzee awe kijana. Mdogo wangu peke yake ndiye hakuwahi kurudishwa. Kufuli la mdogo wangu lilikuwa getini, limefungia baiskeli yake.

"Shemeji akifunga, nimefunga mimi," ndivyo alivyokuwa akisema, na wenzao wakalibatiza lile moja kufuli la ukoo.

Mara moja nilimuuliza mume wangu kwa nini huyu anamwachia. Akaona haya. "Nitamwambiaje shemeji yangu alete kufuli lake? Ataona simwamini na roho yake." Nilifurahi, sitaki kuongopa. Nilijiona nimeolewa na mtu anayeiheshimu damu yangu.

Siku ya ajali, moduli ya zamani ilikufa asubuhi. Wafanya usafi walipokuwa wakiosha sakafu kwa mpira, maji yalipenya kwenye tundu la waya lililokosa kifuniko. Kazi ikasimama, makreti yakajipanga foleni. Ikatolewa moduli mpya stoo, na msimamizi wa zamu akaja kusimama nyuma ya mume wangu, mikono kiunoni, kana kwamba kusimama kwake ndiko kutakakoifunga.

Mume wangu alifanya yote kama kawaida yake. Alizima swichi kuu, akafunga kufuli, akapima. Alishika kwanza chuma cha paneli kabla ya kuitoa moduli kwenye boksi lake, maana hata umeme mdogo unaokaa kwenye nguo za mtu unaweza kuiunguza. Akaibana mahali pake, akaunga waya wa chanya na wa hasi akihakikisha hajazibadilisha, akakaza waya wa ardhini, akaupitisha waya wa mtandao mbali na nyaya nene za mota. Matundu yasiyotumika akayaziba yote. Mpaka hapo sina neno naye.

Mdogo wangu alikuwa chini ya lifti, anafunga kichwa kipya cha kusoma. Akamaliza, akatoka, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Tayari, shemeji."

"Haya, nami namalizia."

Hapo ndipo mdogo wangu alipoona kwamba waya wa kichwa kile umeegemea ukingo mkali wa chuma. Waya ukikaa hivyo utakuja kukatika. Mwingine angesema liwalo na liwe. Yeye, aliyezoea kulipua kazi maisha yake yote, siku hiyo alitaka kuifanya vizuri kama shemeji yake. Akachukua kamba ya plastiki, akarudi chini ya lifti kuufunga.

"Bado tu, Bwana Taratibu?" msimamizi akasema. "Au tukuletee godoro?"

Watu wakacheka. Mume wangu akafungua kufuli la ukoo, akawasha swichi. Taa ya moduli ikawa ya kijani, na papo hapo kichwa kikaisoma chipu ya kreti iliyokuwa imesubiri pale tangu asubuhi. Hakuna aliyebonyeza kitu. Mfumo uliona kreti, ukaishusha lifti ije kuipokea.

Mkono wa kulia wa mdogo wangu ulikatwa hospitalini, juu ya kiwiko. Wa kushoto vidole vilivunjika, ukatiwa plasta mpaka karibu na bega. Fundi akabaki hana hata kidole cha kujikunia pua.

Kiwandani waliulizana, na kila jibu lilimwelemea mgonjwa. Mbona hakukuwa na kufuli lake kwenye swichi? Mbona alirudi ndani bila kusema? Wakamuuliza mume wangu kama alimwita kabla ya kuwasha. Akasema, "Nilimwita." Nani angebisha? Mtu anayepima balbu ya jikoni asiite? Ikaamuliwa kwamba Chapchap alijiponza kwa uzembe wake, na akitoka hospitalini asirudi kazini.

Mdogo wangu aliyapokea. Hilo ndilo lililoniuma kuliko mkono. Kila tulipokwenda kumwona, maneno yake yalikuwa yaleyale.

"Uliniita nisisikie, shemeji. Nimekutia doa kazini kwako. Nisamehe sana."

"Yameisha, shemeji. Usijali," mume wangu humjibu, huku anamlisha. Kumlisha alikuwa hamwachii mtu, hata mimi. Manesi walimsifu, wakasema mashemeji wa namna hii hawazaliwi tena. Mimi nami nilikuwa navimba kichwa.

Kazi ya moduli ilikuwa haijaisha, maana baada ya ajali kila kitu kilizimwa. Wakamwita mume wangu akamalizie. Siku hiyo alikataa kugusa paneli mpaka kila aliye karibu aweke kufuli lake, hata mfanya usafi, hata msimamizi mwenyewe, ambaye ilibidi aazime. Alipomaliza akawaita mmoja mmoja kwa jina, kila mmoja akaitika na kutoa la kwake, ndipo akawasha. Mfanya usafi, mzee wa watu asiye na shari na mtu, akamuuliza tu, "Na siku ile ulimwita hivihivi, fundi, na bado hakusikia?"

Mume wangu alirudi nyumbani mchana jua likiwa kali. Nilikuwa uani nafua. Akasimama mbele yangu na viatu vyake vya kazi, akasema, "Sikumwita."

Nikamuuliza nani.

"Shemeji. Sikumwita, wala sikugeuka nyuma kutazama. Aliniambia tayari, nikajua yuko nyuma yangu na wenzake, anacheka nao."

Nilikuwa nimeshika shati, shati lake huyohuyo, nalikamua. Nikampiga nalo kifuani, likamlowesha maji. Sijawahi kumwinulia mkono mume wangu, lakini siku hiyo nilimpiga nalo tena na tena mpaka mikono ikachoka, naye hakukwepa. Nikamwambia amemkata mkono ndugu yangu halafu akamkata na jina. Nikamwambia mengine ambayo siwezi kuyarudia mbele za watu. Alipoona nimemaliza akaniomba nikamwambie mdogo wangu, kwa kuwa mimi ni dada mtu na kwangu atayapokea.

"Mimi si tarishi wako," nikamwambia. "Mficha uchi hazai. Nenda mwenyewe."

Tulikwenda jioni ileile, saa ya kuona wagonjwa. Nilibeba supu kwenye chombo. Mdogo wangu alikuwa ameegemezwa mito, amenyolewa ndevu, ana furaha, kwa sababu daktari alimwambia kidonda kinakauka vizuri. Mume wangu akamimina supu kwenye bakuli, akakaa pale anapokaa siku zote, ukingoni mwa kitanda. Akachota kijiko cha kwanza, akapuliza, akampa. Akachota cha pili kikabaki hewani.

"Shemeji, siku ile sikukuita."

"Hukuniita lini?"

"Kabla ya kuwasha. Nimewadanganya kiwandani, nimekudanganya na wewe. Sikukuita na sikutazama. Kesho nakwenda kuwaambia, kama ni kufukuzwa wanifukuze, kama ni polisi wanipeleke. Lakini nimeanza na wewe. Hukukosa kitu."

Mdogo wangu alikitazama kijiko, si uso. Niliomba atukane. Mwanamume wa kwetu akitukana, ujue yataisha.

"Wiki nzima nakuomba msamaha," akasema.

"Najua."

"Na wewe unaniambia yameisha."

"Najua, shemeji."

"Jana nililia hapa. Ukanifuta machozi kwa shati lako, kwa sababu mimi sina cha kujifutia."

Mume wangu akainamisha kichwa. Supu ilimwagika kutoka kwenye kijiko, ikalowesha shuka, hakuna aliyeifuta.

"Mkono ningekusamehe," mdogo wangu akasema polepole, sauti yake ikiwa ya kawaida kabisa. "Mkono ni mambo ya kazi, humtokea yeyote. Hata mimi ningeweza kukukata wako."

 Mgonjwa wa kitanda cha pili akakohoa, akajigeuza. Nikangoja aseme na lililobaki, lakini hakulisema. Alinigeukia mimi.

"Dada, chukua kijiko wewe."

Nikakichukua. Mume wangu alitaka kuliweka bakuli chini ili aondoke, lakini kimeza cha pembeni kilijaa dawa na bandeji, na mimi mkono wangu mwingine ulikuwa umemshika mdogo wangu kisogoni. Akabaki amelishika. Hakuna aliyemwambia akae, hakuna aliyemwambia aende. Nikawa nachota supu kwenye bakuli lililo mikononi mwa mume wangu, napeleka kinywani mwa mdogo wangu, mpaka supu ikaisha.