Pikapu ya Mama na Fundi wa Maboti

Kwa muda fulani nilikuwa naiona barabara ya Msambweni kupitia tundu. Sakafu ya nyuma ya pikapu yetu ilikuwa imeoza upande wa kushoto, na nilipoketi huko nikishikilia makreti ya samaki, niliona lami ikipita chini ya miguu yangu, nyeusi, yenye haraka, kama mto uliokasirika. Wengine hukumbuka utu uzima wao ulivyoanza kwa cheo au kwa harusi. Mimi nakumbuka lile tundu, na namna tulivyoliziba.

Pikapu ilikuwa ndogo, ya Kijapani, ya dizeli, yenye kiti kimoja kirefu mbele ambacho huwatosha watu watatu wakipendana. Ilikuwa ya baba. Baba alipofariki, Mama alijifunza kuendesha akiwa na umri ambao jirani zake walikuwa wanajifunza kukaa. Akaacha kuuza samaki mlangoni kwetu, akaanza kuwapeleka Kinango, kule bara kukavu ambako changu mbichi ni habari. Alinunua pwani asubuhi, akawalaza samaki kwenye barafu, akafunika turubai, akajifunga leso kiunoni, akaenda. Alirudi na kuku, mahindi, na hadithi za watu ambao sisi watoto wake hatukuwajua. Kinango ilikuwa nchi yake peke yake.

Kilichoiua ile sakafu ni adabu yake. Ili barafu isiyeyuke, alitandika chini magunia ya makumbi ya nazi, maana makumbi yaliyolowa hushika ubaridi. Na kuyalowesha alitumia maji ya bahari. Maji ya kunywa hakuweza kuyamwaga juu ya makumbi kisha akaendesha mpaka Kinango, kwa wanawake wanaoamka alfajiri kupanga foleni ya mitungi mikavu.

"Nitawatazama kwa uso gani?" aliniambia nilipomuuliza.

Kwa hiyo kila safari tulimwaga ndoo za bahari ndani ya gari, na makumbi yakainywa ile chumvi na kuikumbatisha bati, mchana na usiku, mwaka baada ya mwaka. Sisi watu wa pwani twajua chumvi inavyokula chuma. Twaiona kwenye misumari, kwenye bawaba za milango, kwenye paa. Hata chini ya gari tulipaka oili chafu kwa brashi ili kutu isipande. Lakini juu, penye chumvi yenyewe, hatukutazama. Yalikuwa makumbi tu.

Kaka yangu ndiye aliyelisema. Anafanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya Diani, na huja nyumbani siku zake za mapumziko akiwa bado anazungumza kwa upole kama anayemwonyesha mgeni chumba. Siku hiyo alikuta kibua mmoja amenasa kwenye tundu, kichwa chini, mkia juu.

"Mama, huyu alikuwa anashuka wapi?"

"Muulize."

"Nasema kweli. Hili gari limekwisha. Tuliuze kwa wanaonunua vyuma, nikununulie tuktuk, uuze hapa hapa Msambweni. Upumzike."

Tuktuk yenye mzigo wa samaki na barafu haipandi mlima wa Kwale kwenda Kinango. Kaka alijua, na Mama alijua kwamba anajua. Alimaliza kumpara samaki aliyekuwa mkononi, akasema bila kuinua macho, "Nikiacha Kinango, kazi yangu itakuwa kuulizwa kama nimekula."

Sijawahi kusikia mtu akieleza hofu yake kwa maneno machache vile. Kaka naye aliisikia, kwa sababu hakubishana. Aliweka sharti. Tulitengeneze kwanza kwa akiba yake Mama, kisha siku ya mnada wa mifugo Kinango, siku ambayo mzigo huwa mkubwa, tutakwenda sote watatu. Likifika na kurudi bila kuvutwa, hatataja kuliuza tena. Likishindwa njiani, analitafutia mnunuzi.

"Haya," Mama akasema. "Na shati lako la hoteli usije nalo."

Tulianzia gereji moja Ukunda, kwa fundi kijana kutoka bara, mikono myeusi hadi kwenye viwiko na kofia iliyokuwa nyekundu zamani. Alichungulia chini, akagonga hapa na pale kwa nyundo.

"Mathe, hii ndai injini iko fiti kabisa. Ni bodi tu imechoka."

"Salaam aleikum," Mama akasema.

Fundi akatoka chini ya gari, akajipangusa. "Aleikum salaam. Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Sasa niambie imechoka wapi."

Akamwambia, na alimwambia vizuri. Nina shukrani kwa yule kijana mpaka leo. Alikata bati lote lililooza, akatuonyesha mahali ambapo kutu ilikuwa imeshaanza kuonja chesisi, juu kidogo ya springi, akapaimarisha kwa chuma kinene. Akatafuta breki za diski za mbele kutoka kwa pikapu nyingine iliyopata ajali, kwa sababu zile za zamani zilikuwa zikishika zinapojisikia. Akabadilisha rejeta, akatukataza kuijaza maji ya visima vya huku pwani, ambayo yana chumvi hata kama ulimi wetu umeyazoea. Tulipomwambia habari ya makumbi akakaa juu ya tairi akacheka mpaka akavua kofia.

"Bati nimelichomelea, Mama. Lakini ukiendelea na hiyo bahari yako, tutaonana tena hapa, na tena."

Mama hakucheka. Alikuwa akiliangalia lile bati jipya kama mtu anayetazama mtoto wa jirani. Njiani kurudi nyumbani akasema, "Kuna mtu ambaye kazi yake yote ni kuzuia maji ya chumvi." Akapita kwetu bila kusimama, akaenda moja kwa moja ufukweni kwa fundi wa maboti.

Huyu alikuwa mzee wa rika lake, aliyeanza na mbao na kumalizia na faiba, mwenye ndevu fupi ambazo vumbi la kazi lilikuwa limezifanya nyeupe kuliko umri wake. Alimwita Mama dada, naye akamwita kaka, ingawa hawakuwa na undugu wowote zaidi ya kuzeeka upande mmoja wa bahari. Aliizunguka pikapu akiwa amefunga mikono nyuma.

"Wataka nilivishe?"

"Nataka chumvi isiguse chuma."

"Haitagusa. Nikimaliza, hili gari waweza kwenda nalo Pemba."

Akafanya kazi kwa siku kadhaa chini ya kibanda cha makuti, akilaza matabaka ya faiba, akipaka gundi, akisugua, akilaza tena. Nilikuwa nakwenda kumtazama badala ya kuandika hadithi zangu, na sijuti. Kila pembe aliizungusha kwa kiganja ikawa laini kama ndani ya bakuli. Kila tundu la parafujo alilifunika. Nyuma, penye mlango unaoangushwa, aliinua ukingo wa kimo cha shubiri ili maji yasipenye kwenye bawaba. Alipomaliza akalipaka rangi ya buluu iliyobaki kwenye boti la mtu. Nililipenda mno. Hakuna kati yetu aliyegundua chochote, si mimi, si Mama, si mzee mwenyewe.

Siku ya mnada tulipakia alfajiri. Makreti ya samaki, barafu, makumbi, bahari kidogo juu yake bila hofu sasa, turubai. Kaka alikuja na shati jeupe la hoteli, kwa sababu alisema jioni ana zamu. Mama aliendesha. Tulipopita Ukunda gari lilikuwa linaimba. Kuanzia Tiwi mvua ikatukuta, mvua nzito ya vuli inayoanguka kama imekatwa kamba, ikatusindikiza mpaka Kombani tulipopinda kushoto. Tulipopita Matuga jua lilikuwa limerudi na lami inatoa mvuke.

Mlima ulipoanza, nikasikia sauti nyuma yetu. Ilikuwa kama mtu anaoga.

"Ni nini hiyo?" Kaka akauliza.

Usukani ulikuwa umekuwa mwepesi mikononi mwa Mama, mwepesi kupita kiasi, na pua ya gari ilikuwa inatazama juu. Nyuma ilikuwa imelala. Akabadili gia, akabadili tena, injini ikalia, na kwenye kona akaliegesha pembeni taratibu, akavuta breki ya mkono. Kaka akaruka kuweka jiwe nyuma ya tairi. Kisha akainua turubai.

Samaki walikuwa wanaelea. Mvua iliyopenya, barafu iliyoyeyuka, na ile bahari yetu, vyote vilikuwa vimekusanyika nyuma, na havikuwa na pa kutokea. Mama aliangusha mlango wa nyuma, lakini ule ukingo mzuri wa shubiri moja ulibaki umesimama imara, na maji yakabaki nyuma yake. Zile nafasi ndogo za bati ambazo zamani zilivuja zilikuwa zimezibwa, na tundu la zamani lilikuwa limezibwa. Mzee alikuwa ametutengenezea boti lisilo na dosari.

Tukaanza kufua maji, kama watu walio chomboni. Mimi na karai, Mama na kifuniko cha sufuria, Kaka na sinia la mizani. Bodaboda mmoja aliyekuwa anapanda akapunguza mwendo.

"Mama, mwavua huko juu?"

"Twavua. Njoo ushike wavu."

"Wallahi nimeona mengi, sijaona boti likizama mlimani."

"Halijazama. Na maneno hayo waweza kuyasema huku unachota."

Kijana akasimamisha pikipiki, akamwomba abiria wake ashuke, na wote wawili wakaja. Abiria alikuwa amevaa kanzu ya safari. Akaikunja mpaka magotini na kuchota kwa kofia yake ya plastiki ya bodaboda. Sikuwahi kujua majina yao. Walichota, wakacheka, wakatuombea dua ya njia, wakaondoka.

Kulipobaki maji ya kifundo cha mguu, Mama akanyooka. Leso yake ilikuwa inachuruzika. Akamtazama mwanawe, aliyekuwa amesimama na sinia la mizani kifuani, shati limeshikamana na mbavu, magamba shingoni.

"Halijavutwa," akasema.

"Nimesema kitu?"

Angeweza kusema. Sote watatu tulijua kwamba gari lilikuwa limesimama njiani na sharti lilikuwa sharti lake. Badala yake alikwenda kuondoa jiwe.

Likapanda. Polepole, kwa gia ya kwanza, likapanda mpaka Kwale mjini, likapita, likateremka kuelekea Kinango penye vumbi ambalo mvua ile haikulifikia. Wanawake wakaanga samaki walikuwa bado wanangoja na mabeseni yao, pembeni mwa mbuzi na kelele za mnada. Mmoja wao, mwenye jino la dhahabu, ndiye aliyekuwa mbele.

"Leo umechelewa. Tulisema labda umepata mume."

"Nimepata. Tatizo lake anapenda maji."

Walipoinua turubai, barafu ilikuwa bado inang'aa pembeni na samaki walikuwa baridi kuliko walivyowahi kuwa. Yule mwanamke akamgusa changu mmoja shavuni kwa nyuma ya vidole, kama unavyopima homa ya mtoto, akaita wenzake. Kaka alibeba makreti. Niliona wanawake wakimuuliza yeye ni nani, na akijibu kwamba ni mtoto wa huyu, na wao wakimtazama upya, wakimpisha, mmoja akimletea maji ya kunywa kwenye kikombe cha bati. Alijua bei ya kikombe kile mahali pale. Akayanywa yote akiwa amesimama. Zamu yake ya jioni ilimpita tukiwa bado kule.

Kesho yake tulikuwa kwa mzee wa maboti. Alisikiliza kisa chote bila kubadilika uso.

"Sasa wataka nitoboe."

"Matundu ya kutolea maji tu, kaka. Hili haliendi majini."

"Najua haliendi majini. Mkono wangu ndio haujui." Akaiweka chini keekee yake ya kutobolea. "Nimeishi kwa kuziba, dada. Sijawahi kutoboa chini ya chombo changu. Siwezi."

Hakuwa anatania. Alimimina kikombe cha maji kwenye ile buluu yake, akatazama yanakokwenda, akapiga alama za chaki kwenye pembe za chini. Kisha akasogea akageuka upande wa bahari. Kaka ndiye aliyeshika keekee. Akasema bismillahi, akatoboa, na vumbi jeupe la faiba likamrukia usoni na kwenye nyusi. Mzee aligeuka kila kitu kilipokwisha, akayavisha yale matundu mirija mifupi ili chumvi isiguse bati, akachonga na vizibo vyake vya mti, kwa sababu, alisema, hatujui tutaitwa wapi.

Mama alileta ndoo akamwaga. Maji yakashuka mchangani kwa nyuzi nne nyembamba, mbali na chuma. Alimimina ndoo nyingine, ambayo haikuhitajika.

Kaka alikuwa amechuchumaa nyuma ya gari, akiangalia springi, kichwa upande.

"Nyuma inalala hata ikiwa tupu," akasema. "Springi zinataka jani moja zaidi la chuma kila upande. Nitapita kwa yule fundi wa Ukunda kesho nikitoka kazini."

Mama akaweka ndoo chini. "Jani nene au jembamba?"

"Nene. Mzigo wa mnada umeuona."

Akachuchumaa kando yake, na mimi nikachuchumaa pia, wote watatu tukichungulia chini ya pikapu kama watu wanaomtafuta kuku, na Mama akaanza kumweleza, polepole, ni wapi hasa kwenye ile barabara tumbo la gari hugusa chini.